Bibi Aliyeomba Maji

Maneno ya kitabu cha mlima yalimfikia mchoraji ndani ya bahasha ya kaki, yamebanwa pamoja na kikaratasi cha mhariri: "Kurasa ishirini na nne. Ngano ya kule milimani. Watoto wasitishwe."

Kilikuwa kitabu cha sita. Katika mfululizo huohuo alikwisha kuchora ndege wa kinamasi, reli ya zamani, nyoka wasio na sumu, wahunzi waliofua chuma kabla ya viwanda, na kobe aliyekwenda kuposa. Vilikuwa vitabu vyembamba vya watoto wa darasa la pili na la tatu, vya kuwaonyesha mahali wanapoishi. Walimu walivipenda kwa sababu picha zake hazikuwa na uongo. Akichora nyoka, mtoto angeweza kuhesabu magamba.

Mhariri alikuwa mwanamke mcheshi, mwenye tabia ya kuucheka utani wake kabla hajaumaliza. Aliwahi kumwambia mchoraji, "Mwenzangu wewe, mtu akuletee habari ya harusi au ya msiba, utauliza ukubwa wa karatasi." Mchoraji naye akamuuliza kama kitabu cha nyoka kitakuwa cha wima au cha kulala.

Hakuwa mtu wa kununa. Alikuwa tu hivyo. Alikuwa na miaka arobaini na sita, anaishi peke yake kwenye vyumba viwili juu ya duka la mwuza rangi za nyumba, na watu waliomzoea walisema ana moyo mtulivu. Wasiomzoea walisema ana maringo.

Aliifungua bahasha akasoma amesimama. Bibi mmoja mchovu alipanda mlimani jua la utosi, akaingia kijijini, akaomba maji nyumba hadi nyumba. Kila mlango walimwambia hayapo. Kwenye nyumba yenye mlango wa bluu, mwenye nyumba alikuwa na mtungi umejaa pomoni, akaufunika kwa sinia, akasema, "Maji yangu si ya wapita njia." Nyumba ya jirani tu, yenye ua wa mabua, ndiyo iliyompa. Bibi akanywa, akamwambia mama wa nyumba ile, "Mtoto wako mpeleke mbali." Mtoto akapelekwa. Alfajiri mlima ukashuka, ukafunika kijiji chote.

Chini kabisa mwandishi, mwalimu mstaafu asiyemfahamu, alikuwa ameandika: "Imekusanywa kutoka kwa watoto wa shule za bondeni."

Mchoraji aliijua hadithi hiyo neno kwa neno. Mtoto aliyepelekwa mbali alikuwa yeye.

Ukweli wa siku ile ulikuwa mfupi. Alikuwa na miaka saba na jino limeoza. Shangazi yake, dada wa baba yake, ambaye walikuwa wakiishi naye, alimshusha hadi kituo cha afya cha bondeni, kwa kuwa mng'oa meno alikuwa anafika mara moja tu kwa mwezi na foleni yake ilianza usiku. Wakalala kwenye benchi la kituo, mvua ikinyesha bila kupumua. Asubuhi akachomwa sindano ya ganzi, jino likatoka, akawekewa pamba. Alikuwa bado ameiuma pamba ile alipoingia mwanamume mmoja mwenye matope mpaka kwenye nyusi. Akasema, "Kijiji hakipo," akakaa chini.

Shangazi alipiga yowe. Mtoto aligusa shavu lake akalikuta kama la mtu mwingine. Watu wakamtazama, wakingoja alie. Hakulia. Muuguzi akasema ni ile sindano, ikiisha atalia. Kabla ya adhuhuri shavu lilikuwa limerudi, na kinywa kinauma vizuri tu, lakini kulia hakukuja. Wala baadaye hakukuja.

Hadithi ya bibi aliipata kwa shangazi, kwenye darasa la shule ya bondeni walimolazwa pamoja na watu wengine waliobaki: mama yako ndiye aliyempa bibi maji, ndiyo maana wewe uko hai. Miezi mitatu baadaye shangazi alimhamishia mjini, na hadithi wakahama nayo. Alipokua hakuiamini, wala hakuacha kuiamini. Ilikaa ndani yake kama kabati ulilolikuta kwenye nyumba ya kupanga: hulitumii, na hulitoi.

Hakumwambia mhariri chochote. Aliuliza ukubwa wa karatasi.

Akachora kwa wiki nane. Bibi alimpa uso wa mwanamke aliyewahi kumwona stendi. Kijiji alikichora bila kufikiri, mkono ukienda wenyewe: njia inayopinda kwenye jiwe, nyumba ya mabua, na jirani yake mlango wa bluu, bluu ya kufifia, iliyobanduka kwa chini. Kwenye pembe ya mlango aliweka kipande cha bati kilichopigiliwa kwa misumari minne kuziba tundu la panya. Misumari mitatu aliichora imenyooka. Wa nne aliupinda.

Mhariri alipoziona picha alipiga makofi peke yake ofisini. "Huu mlango! Watoto watauota huu mlango."

Baada ya hapo picha zilikwenda kwenye kiwanda cha uchapaji, na mchoraji akaitwa kukagua karatasi za majaribio, kama ilivyokuwa desturi ya kazi yao. Alikuwa akipenda kwenda kule. Mashine kubwa zilikuwa zikinguruma kiasi kwamba hakuna aliyetarajia uongee. Nyuma ya mashine kulikuwa na meza ndefu ya wanawake waliokunja karatasi, kupanga kurasa na kuzishona. Mkubwa wao alikuwa mwanamke anayechechemea kidogo, ambaye kiwanda kizima kilimwita Gundi, kwa sababu kitabu alichokifunga yeye hakikuachia kurasa hata kikinyeshewa.

Siku hiyo Gundi alikuwa akimngoja kwenye mlango wa chumba cha chai. Mkononi alikuwa na karatasi moja ya majaribio.

"Samahani dada. Huu mlango umeuchora wewe?"

"Ni mimi."

"Hiki kibati nani alikuambia?"

"Hakuna aliyeniambia. Nilikuwa nakiona. Ilikuwa nyumba ya jirani yetu."

Gundi alimtazama kuanzia miguuni mpaka usoni, polepole, kama mtu anayesoma maandishi madogo. "Sisi jirani zetu walikuwa nyumba ya mabua," alisema. "Wewe ni yule mtoto wa jino."

Mchoraji aliona sura ya msichana mkubwa kidogo kuliko yeye, anayepanda jiwe la njiani kwa kujionyesha, anaanguka. Mguu ule. Walimbeba kwa machela hadi hospitali ya mjini, wiki kadhaa kabla ya mvua.

"Ulikuwa hospitali," alisema.

"Kwenye plasta, mpaka kiunoni. Walikuja kuniambia, nikadhani wananitania ili nisisikie maumivu ya mguu." Gundi alikunja karatasi mara mbili kwa kucha, kimazoea, mstari ukanyooka. "Nilipotoka nikapelekwa kwa watu wetu waliobaki bondeni. Ninyi mlikuwa mmeshaondoka. Lakini hadithi niliikuta pale, imenitangulia. Shuleni nilikuwa nakunywa maji wa mwisho. Wenzangu walinikataza kugusa kata kabla yao. Mwalimu alisema ni utani wa watoto. Utani wa miaka minne."

Gundi akaigeuza ile karatasi iliyokunjwa.

"Nikaolewa. Mume wangu si mtu mbaya. Ila mpaka leo akitaka maji mezani huniambia, 'Mama watoto, leo utanipa, au nitafute nyumba ya mabua?' Anacheka. Na mimi nacheka." Akaikunjua karatasi, akaipiga pasi kwa kiganja. "Miaka yote nilijiambia, hadithi ni upepo, haina mwenyewe, utapita. Sasa naiona ina picha. Na kibati cha baba yangu. Vitabu elfu tatu vya hii vitapita kwenye meza yangu, nivikunje mwenyewe."

"Sikujua kama uko hai."

"Sikuulizi hilo. Nakuuliza moja tu, maana wewe ulikuwepo. Ulimwona mama yangu akimnyima mtu maji?"

"Sikumwona."

"Basi," alisema Gundi. Akarudi mezani kwake.

Mchoraji alikagua rangi, akatia saini pale pa kutia saini isipokuwa kwenye karatasi moja, akatoka nje. Alitambua kwamba alipaswa kusikia kitu: aibu, au huruma, au hasira. Alisikia tu kwamba kiatu cha kulia kinambana.

Jumamosi asubuhi alikwenda kwa shangazi yake. Mwanamke huyo alikuwa ameshakuwa mzee sasa, sikio moja limeziba, redio yake inasikika hadi barabarani. Alimkuta kwenye ngazi za mlango, sinia la maharage mapajani, anachambua.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Umekonda. Au ni hilo gauni?"

"Ni gauni." Akampa picha.

Shangazi alivaa miwani, akaisogeza picha mbali, akaileta karibu, kisha akacheka kwa furaha kama aliyekutana na mtu sokoni. "Si mlango wa jirani huu! Umeupata mpaka kibati! Wewe mtoto una macho ya kunguru."

"Shangazi, yule bibi alikuja lini?"

"Bibi gani?"

"Aliyeomba maji."

Redio ilikuwa ikisoma matangazo ya vifo. Shangazi akanyoosha mkono nyuma akaizima. Alichambua maharage kidogo, akatupa jiwe moja, akatupa na harage zima.

"Hakuja," alisema.

"Hakuja lini?"

"Hakuja kabisa. Hakukuwa na bibi." Akavua miwani. "Wewe ulikuwa huli. Hulii, huli, huongei. Mtoto analia, unambembeleza; asiyelia unamfanya nini? Siku ya nne ukaniuliza swali moja tu. Ukasema, 'Kwa nini sisi?' Nikaona nikikosa jibu hapa, huyu naye anaondoka. Nikafungua mdomo, bibi akatoka. Ukala."

"Na mlango wa bluu?"

"Hadithi inataka mtu mbaya. Na ukitaka mtoto akuamini, taja kitu anachokijua." Alisugua harage kwa kidole gumba. "Mwenye mlango ule aliwahi kuninyima maji, lakini. Ndoo moja. Mara moja tu. Na alikuwa na haki, maana ya kwanza sikuwa nimemrudishia. Hasira ile nilikuwa nayo bado kifuani, ndiyo iliyokuwa karibu, ndiyo niliyoishika. Nikasema, wote wamekufa, nani ataumia? Darasa zima lilikuwa linasikiliza. Kesho yake nikasikia watoto wengine wanaisimulia, wameongeza sinia. Mimi sikusema sinia."

"Binti yake yuko hai."

"Binti wa nani?"

"Wa mlango wa bluu. Aliyevunjika mguu."

Shangazi alitikisa kichwa, taratibu, kwa uhakika. "Hapana. Yule tulimwandikisha kwa karani, kati ya waliokufa. Nilimtaja mimi mwenyewe, pamoja na wazazi wake. Alikuwa ameshatoka hospitali."

"Ana meza pale kiwandani. Anafunga vitabu. Alikuwa bado hospitali, shangazi."

Mikono ya mzee ilibaki ndani ya maharage. Mchoraji alikaa kando yake kwenye ngazi. Wakapita watu, wakawasalimu, wakaitikia wote wawili. Kisha shangazi akasema, "Mimi nilimuua kwenye daftari, halafu nikamtukania mama." Hakuwa anaongea na mtu.

Jumatatu mchoraji alikwenda kwa mhariri, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na moja ya kufanya kazi pamoja aliongea zaidi ya dakika tano. Alieleza kama anavyoeleza mtu njia ya kwenda posta: jino, bibi, ndoo, kibati, Gundi. Mhariri alianza akiwa na kikombe mkononi. Chai ilipoa humo humo.

"Kwa nini hukuniambia unatoka kule?"

"Hukuuliza."

"Sikuuliza! Mtu anaulizwa hilo?" Mhariri alisimama, akakaa. "Pole. Pole sana mwenzangu. Sasa tufanyeje? Tuutie mlango rangi nyingine? Kijani?"

"Hata ukiwa kijani, atakuwepo mtu aliyemnyima bibi maji. Kule kulikuwa na nyumba thelathini na moja. Kila moja ilikuwa na mtu."

"Basi wampe wote. Wote wampe maji, halafu mlima ushuke."

"Sawa."

Mhariri alifikiri, akakunja uso. "Lakini hapo hadithi inafundisha nini?"

"Haifundishi."

"Walimu hawatachukua hadithi isiyofundisha."

"Basi waache."

Mhariri alimpigia simu mwalimu mstaafu pale pale, akitarajia ugomvi, maana waandishi huyalinda maneno yao kama kuku na vifaranga. Mzee alisikiliza hadi mwisho. Akasema, "Mimi niliokota tu. Ukiokota kitu na mwenyewe akatokea, unarudisha. Kifuteni."

Hakikufutwa chote. Walikubaliana kitabu kiwe cha mlima wenyewe na si cha bibi: mawe yake, miti yake, kijiji kilichokuwepo, na jinsi udongo wa mtelemko unavyoshiba maji hadi ukaachia. Kurasa kumi zikatupwa. Mwalimu mstaafu akaandika maneno mapya, mafupi, na kwenye ukurasa wa maporomoko aliandika sentensi moja tu: "Mvua ilinyesha siku tano, na watu wa kijiji hawakuwa na kosa." Mhariri alitaka kuondoa nusu ya pili, akaiacha.

Mchoraji alimpelekea Gundi picha ya kijiji kabla haijachapwa. "Huu mlango niufute?"

"Uufute kwa nini? Ulikuwepo." Gundi aliinama juu ya picha. "Ila kibati umekiweka pembe siyo. Kilikuwa kulia."

"Kushoto. Nakikumbuka."

"Wewe ulikuwa unakiona ukiwa nje. Mimi nilikuwa nakiona nikiwa ndani," alisema Gundi, na akatabasamu kidogo. "Kiache hapo hapo."

Shangazi alisema anataka kwenda kiwandani. Mchoraji hakumhimiza wala hakumzuia. Walifika saa nne asubuhi, shangazi amevaa gauni la kutokea na viatu vinavyomuumiza. Wanawake wa mezani walikuwa wakipanga kurasa, wanazunguka meza kwa mstari, kila mmoja anaokota karatasi kwenye kila rundo. Gundi alikuwa katikati yao. Alimwona mzee, akamtambua, hilo lilionekana. Miguu yake haikusimama.

"Shikamoo," alisema akipita.

Kwa miaka yote mchoraji hakuwahi kumsikia shangazi yake akikosa kuitikia shikamoo. Leo alikosa. Gundi akazunguka meza, akarudi tena mbele yake.

"Nimekuja kukuomba radhi, mwanangu."

"Radhi ya nini, bibi?"

"Unajua."

"Mimi najua. Hawa wenzangu hawajui." Aliokota karatasi, akaenda na mstari.

Shangazi alingoja azunguke. Alipofika akasema, "Mama yako hakumnyima mtu maji. Hakukuwa na bibi. Nilimtunga mimi."

"Rudia, sijasikia. Mashine ilikuwa inapiga kelele."

Shangazi akavuta pumzi, akapaza sauti. Lakini mpiga chapa alikuwa ameshazima mashine, kwa sababu na yeye alitaka kusikia, kwa hiyo maneno yalitoka makubwa mno kwenye ukumbi ulionyamaza: "Mama yako hakumnyima mtu maji! Mwongo ni mimi!"

Wanawake walisimama, karatasi mikononi. Mmoja alijishika mdomo. Gundi alikuwa ndiye pekee aliyeendelea kutembea, hadi alipomaliza rundo la mwisho, akaligonga mezani likae sawa.

"Nimesikia," alisema. Hakusema amesamehe, na hakuna aliyemuuliza. Kisha akawageukia wenzake. "Mmeganda nini? Mleteeni bibi kiti, hamuoni viatu vinamtesa?"

Njiani kurudi shangazi alilia kwa kwikwi, kama mtoto. Mchoraji alimbebea mkoba, akamshika kiwiko kwenye kuvuka barabara. Alisubiri kitu kimpande kifuani. Hakikupanda. Alikuwa ameshazoea kusubiri, kwa hiyo hakushangaa.

Kitabu kilitoka baada ya miezi miwili. Shule kadhaa zilikichukua. Mwalimu mmoja aliandika barua kulalamika kwamba kimekosa funzo, mhariri akaibandika ukutani. Mume wa Gundi alisomewa kitabu chote mezani, na siku tatu mfululizo alijichotea maji mwenyewe.

Kitabu cha saba kilikuwa cha kaa wa mtoni. Asubuhi moja simu ya mchoraji ililia.

"Njoo uone kaa wako," alisema Gundi. "Wametoka zambarau kama bilinganya. Nimewaambia wasimamishe."

Alikwenda. Kaa walikuwa zambarau kweli. Walipokuwa wakimngoja mpiga chapa, Gundi alimtazama kwa pembe ya jicho.

"Unajua ulikuwa unaimba wewe?"

"Mimi?"

"Mungu wangu, ulivyokuwa unaimba! Kuanzia alfajiri, kando ya ule ua wenu wa mabua. Hakuna aliyelala. Baba alitishia kukutupia kiatu."

"Nilikuwa naimba nini?"

Gundi alijaribu. Alitikisa kichwa, akagonga mapigo ya wimbo mezani kwa kidole mara mbili tatu, akaacha. "Maneno yamenitoka. Mama ndiye aliyekutetea. Alikuwa anasema, 'Mwacheni aimbe. Siku akinyamaza, ndipo tuogope.'"

Mchoraji aliinamisha kichwa juu ya kaa. Mpiga chapa akaja akijifuta wino kwenye suruali, akauliza shida nini.

"Nyekundu imezidi," alisema mchoraji. "Punguza, tuone." Kisha akamgeukia Gundi. "Gonga tena pale mezani. Kama ulivyogonga."

Gundi akagonga.